Mlinzi Hana Zipu

Wifi yangu alipita mlangoni kwa ubavu. Hata mlango ungekuwa na upana wa kupitisha kabati, yeye angefika kizingitini, angetanguliza bega la kushoto, angeinamisha kichwa kidogo, na kupenya kama mtu anayepita katikati ya watu wawili wanaogombana. Alifanya hivyo benki, alifanya hivyo kazini kwake, alifanya hivyo hata siku tuliyomzika mama yake, akiwa amevaa nguo za kawaida na hana chochote mabegani. Waliomwona kwa mara ya kwanza walidhani ana maumivu ya mgongo. Hata wiki ile ya mwisho ya uhai wake, hospitalini, alipokuwa akisukumwa kwenye kiti cha magurudumu, kila tulipofikia mlango nilimwona anajikunja upande mmoja, mpaka mhudumu akamwambia, "Mama, kaa sawa tu, panatosha."

"Kwako panatosha," alimjibu.

Sababu ya tabia hiyo ilikuwa mabawa.

Kazi yake ilikuwa kutengeneza meno bandia. Hakuwa daktari wa meno. Daktari ndiye aliyeonana na watu, akawatazama vinywani na kuwapa pole. Yeye alikaa chumba cha nyuma cha kliniki ya daktari huyo, chenye dirisha moja linalotazamana na ukuta, na mbele yake pametandazwa taya za plasta za watu asiowajua. Alichemsha nta, akachonga ufizi, akapanga meno moja moja, akayakwaruza kidogo ili yasionekane mapya. Alisema meno yasiyo na dosari hayaaminiki. Alitengeneza tabasamu za watu kwa miaka mingi na sidhani kama aliwahi kuiona hata moja ikitumika. Pale kliniki walimwita Fundi Meno. Kuna mhudumu mmoja wa mapokezi aliyefanya kazi naye muda mrefu, nikaja kumwuliza jina halisi la wifi siku tulipomzika, akanijibu ni Fundi.

Nyumbani aliishi na mama yake, ghorofa ya tatu, sebule na vyumba viwili. Miguu ya mama mkwe wangu ilikuwa imemgomea, ikabidi maisha yake yote yahamie kitandani: redio, miwani, dawa, chupa ya chai, na televisheni iliyowekwa juu ya kabati la nguo kiasi kwamba ukitaka kuitazama lazima ulale. Kwa hiyo wifi akirudi kazini alivua viatu, akalala kando ya mama yake, wakatazama kwa pamoja chochote kilichokuwapo. Na alasiri kilichokuwapo kilikuwa katuni.

Ilikuwa hadithi ya mwanamke mwenye mabawa anayelinda lango lililo juu ya mawingu. Jina lake Mlinzi, basi. Alivaa deraya, vazi la vita la rangi ya fedha, na katika hadithi nzima hakuwa akisema neno. Watu walifika langoni na shida zao, wakaeleza, wakalia, wakatukana, na yeye akasikiliza tu, kisha akafungua au asifungue. Mama mkwe alimpenda kuliko watu wengi aliozaa au kuozesha.

"Huyu ndiye mkwe niliyemtaka," aliniambia siku moja, mimi nikiwa nimekaa pale pale miguuni pake. "Haongei."

"Na mimi siongei sana, mama."

"Huongei ukiwa hapa. Ukiwa kwako mwanangu anasema unaongea."

Ni yeye mama mkwe aliyeanzisha jambo lenyewe. Alikuwa amevisha watoto wake, wa dada zake na wa majirani, na hakuna nguo aliyoitazama bila kutafuta inapofungwa. Alasiri moja alimtazama Mlinzi kwa muda, akauliza, "Hiyo deraya vifungo viko wapi? Mbele sioni."

"Vitakuwa nyuma," wifi alisema.

"Anafungwa na nani?"

"Hawaonyeshi."

"Lazima yupo mtu. Hakuna anayeweza kujifunga mgongoni peke yake."

Wifi akasema, "Nikiishona kama ile, utanifunga?"

"Miguu ndiyo imekwenda," mama mkwe alisema. "Mikono bado ninayo."

Vijana wanaita jambo hilo kosplei. Hujitengenezea mavazi ya watu wa katuni na michezo ya kompyuta, mpaka upanga na kofia, kisha mara moja kwa mwaka hukutana ukumbini, wakatembea jukwaani na kupigana picha. Wifi aliliita kuvaa. "Mwaka huu sitavaa," angesema, kama mtu anayesema mwaka huu sitasafiri, na kweli miaka ilipita hajavaa, kwa sababu kila kipande alikirudia mpaka kikamridhisha. Alinunua yale mazulia ya sponji ngumu ambayo watoto hutambaa juu yake, akayakata kwa wembe, akayapasha moto kwa mashine ya kukaushia nywele mpaka sponji ikang'aa juu, kisha akayakunja juu ya kitako cha sufuria yakiwa bado laini. Yakipoa yalibaki na umbo hilo. Juu yake alipaka gundi nyeupe, tabaka juu ya tabaka, kisha rangi ya fedha, kisha rangi ya kahawia ambayo aliifuta karibu yote ikabaki kwenye mikwaruzo tu. Ukitazama kwa mbali ungeapa ni chuma kilichopigwa na mvua. Ukikibeba kilikuwa chepesi kama mkate.

Maungio aliyabandika kwa gundi ya viatu. Unapaka pande zote mbili, unangoja mpaka isinate kidoleni, halafu unakutanisha na kukandamiza. Hapo ndipo mama mkwe alipokuwa na kazi. Wifi alikutanisha, akampa, na mama mkwe akashika kwa mikono miwili, akiwa amelala, macho kwenye televisheni, kama mtu aliyeshikishwa mtoto mchanga wa watu.

"Imeshashika, mama. Lete."

"Bado."

"Gundi hii haingoji hata maji ya chai yachemke."

"Nimesema bado."

Na angeendelea kushika mpaka kipindi kiishe, wakati mwingine mpaka usingizi umpitie na kile kipande kifuani. Kikiwa bado cha moto, vidole vyake vilizama kidogo ndani ya sponji. Wifi hakujaza mashimo hayo. Yalikuwa upande wa ndani, hayaonekani.

Mimi niliendelea kwenda pale hata baada ya mume wangu, mdogo wake, kuniacha. Mwanzoni nilikwenda kuchukua vitu vyangu, halafu vitu vikaisha na bado nikawa nakwenda. Siku moja niliona ni vizuri niliseme mwenyewe kabla halijasemwa. Nilimwambia kwamba mimi si wifi yake tena, kwa hiyo asijione analazimika kunipokea.

Alikuwa anapiga msasa ukingo wa bawa. Hakuinua kichwa. "Talaka ametoa yeye," alisema. "Mimi yangu sijaandika. Nipe hiyo brashi."

Hakuna mtu kazini aliyejua habari za Mlinzi. Mara moja tu siri ilikaribia kutoka. Alikuwa na desturi ya kuchukua mabaki ya ile plastiki ya meno, ambayo ingetupwa, na kuifinyanga kucha za Mlinzi, ndefu, zenye rangi ya pembe. Kucha moja ikasahaulika kwenye sinia la kazi za siku hiyo, katikati ya meno ya watu. Daktari akaikuta. Akaja nayo chumba cha nyuma, ameishika kwa vidole viwili.

"Fundi, hili jino la nani?"

"La mteja wangu binafsi."

Daktari aliligeuza, akalitazama kwenye mwanga. "Anakula nini huyo?"

"Hali," wifi alisema. "Analinda."

Alinisimulia hayo akicheka mpaka akashika ukuta, kisha kicheko kikaisha ghafla, akasema daktari alirudisha ile kucha mezani na kwenda zake, wala hakuuliza zaidi. Nadhani alitaka aulizwe zaidi.

Mabega na mabawa yalimalizika kwanza. Alikuwa akivaa hivyo tu, juu ya gauni la nyumbani, mama mkwe akimfunga mikanda akiwa amelala na wifi ameketi ukingoni mwa kitanda na mgongo kwake. Kisha alitembea kutoka chumbani hadi sebuleni na kurudi, ili aone kama mabawa hayatingishiki. Milango ya nyumba ile ilikuwa myembamba. Akajifunza kupita kwa ubavu, bega la kushoto mbele, na mwili wake haukulisahau somo hilo.

Mama mkwe alifariki kifua cha deraya kikiwa kimekatwa na kukunjwa lakini hakijamalizika. Vipande vya ubavu wa kulia na wa kushoto vilikuwa tayari vimebandikwa. Hivyo ndivyo vya mwisho alivyovishika. Baada ya mazishi ndugu walikaa siku chache, wakagawana mablanketi, wakaondoka. Wifi alihamishia kazi yake kwenye chumba cha mama. Kitanda hakukitoa. Alikitandika vizuri, akakifanya meza.

Kushika sasa kulifanywa na matofali. Alikuwa nayo manne, ameyavika vitambaa ili yasikwaruze. Nikimwona anayapanga niliinuka na kunyoosha mikono. "Lete nikushikie."

"Matofali yanatosha."

"Mikono yangu ina nini?"

"Haina kitu. Kaa, unywe chai."

Nilikaa. Yeye alifanya kazi na mimi nikatazama, wakati mwingine jioni nzima bila neno, na televisheni juu ya kabati imezimwa. Nami kwangu hakukuwa na mtu wa kuniuliza mbona umechelewa.

Kifua kilipomalizika mkutano wa mwaka ule ulikuwa umekaribia. Aliniambia kwa sauti ya kawaida kabisa, akiosha kikombe, kwamba safari hii atavaa. Nilimwuliza kama anataka nimsindikize. Akasema atachukua teksi kubwa.

Jumapili iliyofuata nilimpelekea cherehani niliyokuwa nimeiazima. Nilibisha mlango kwa kiwiko.

"Nani?"

Sauti ilikuwa karibu mno, kama inatoka ndani ya mbao.

"Mimi."

"Mimi nani?"

"Wifi yako. Fungua, cherehani inanivunja mkono."

"Una haraka?"

"Sina haraka. Nina mkono."

"Iweke chini basi, tuongee."

"Tuongee mlangoni?"

"Kuna ubaya gani? Majirani wanaongea milangoni kila siku."

Niliweka cherehani chini. Nilinusa kitu kinaungua. "Wifi," nilisema nikishusha sauti, "kuna mtu humo ndani?"

"Ningekuwa na mtu humu ndani ningekuwa katika hali hii?"

"Hali gani?"

Alivuta pumzi. "Nimenasa."

"Umenasa wapi?"

"Kwenye mlango. Huu huu. Ukiusukuma na mimi nakuja nao."

Ilibidi anieleze mara mbili. Deraya ilikuwa na mikanda mgongoni, sita, yenye vifungo vya chuma kama vya mabegi ya shule. Hivyo ndivyo ilivyopangwa tangu siku ile ya kwanza, kwa sababu Mlinzi mbele hana kifungo, na kwa sababu wakati huo mikono ya kumfunga ilikuwapo. Akaikata hivyo, akaishona hivyo, mama akafa, naye akaendelea kufuata vipimo vile vile mpaka mkanda wa mwisho. Siku hiyo alikuwa ameivaa yote kwa mara ya kwanza, akapeleka mkono nyuma, na mkono haukufika. Ndipo alipofikiri kutumia kitasa. Alipitisha mkanda kwenye kitasa cha mlango, akavuta kwa kwenda mbele, ukakaza vizuri sana, na ulimi wa kifungo ukaingia kwenye kitasa na kukataa kutoka. Mlango wa mbele ndio uliokuwa na kitasa imara. Simu ilikuwa mezani. Chai ilikuwa jikoni.

"Nitasukuma polepole," nilisema. "Wewe piga hatua mbele."

"Usisukume kama polisi."

Nikasukuma. Nikasikia hatua moja, sponji ikilia. Nikasukuma tena, hatua nyingine. Tukaingia hivyo, mlango, wifi na mimi, kama watu wanaobeba kabati, mpaka nikapata nafasi ya kupenya. Nilikimbilia jikoni kwanza nikazima jiko. Sufuria ilikuwa imekauka na kuwa nyeusi. Niliporudi ndipo nilipomwona. Alikuwa ametundikwa mlangoni kama koti, mabawa yamepinda, uso umelowa jasho, na kifua cha fedha kimesimama mbele yake, kizuri kiasi kwamba nilisahau kucheka.

Nilimtoa. Alikaa sakafuni na mabawa yake, akisugua bega.

"Tangu saa ngapi uko hivyo?"

"Usiulize."

"Mbona hukupiga kelele jirani aje?"

"Nimwambie nini? Samahani, naomba uninasue, mimi ni malaika?"

"Na mimi? Mbona hukuniita tangu mwanzo nije nikufunge?"

"Wewe una mambo yako."

"Nina mambo gani?"

Hakutaka kunidanganya, na jibu la kweli wote wawili tulilijua. Aliinuka akaenda kusugua sufuria.

Kuanzia siku hiyo alikuwa na maneno ya zipu. Angepasua ubavu mmoja wa deraya, kuanzia kwapani hadi kiunoni, atie zipu, aweze kuvaa na kuvua mwenyewe kama koti la mvua. Nilimwambia ni wazo zuri. Akasema ndiyo, ni zuri. Kisha akasema, "Lakini Mlinzi hana zipu," na siku nyingine tena akarudia kwamba ataweka zipu. Aliinunua, ikakaa kwenye pakiti yake kitandani kwa mama siku nyingi.

Siku moja kabla ya mkutano nilipita kwake kutoka kazini. Mlango haukuwa umefungwa. Alikuwa ameketi chumba cha mama, deraya imelala magotini upande wa ndani ukiwa juu, wembe mkononi. Amechora mstari wa chaki ubavuni. Nilisogea, na kwa mwanga wa dirisha nikayaona yale mashimo. Yalikuwa manne, yamefuatana, na la tano mbali kidogo, la dole gumba. Mstari wa chaki ulipita katikati yake.

"Upande wa pili je?" niliuliza.

"Upande wa pili ni hivyo hivyo. Alishika kwa mikono miwili."

Nje mtu alikuwa anaburuta kitu kizito ngazini, akipumzika kila ghorofa.

"Nitakuja kesho," nilisema.

"Kesho una kazi."

"Kesho Jumamosi."

"Na ukichelewa?"

"Nitachelewa. Lakini nitakuja."

"Mimi sijazoea kusubiri mtu, wifi," alisema. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayeeleza ugonjwa wake. "Nikikusubiri usipokuja, nitabaki nimekaa hapa nusu nimevaa. Bora nikate tu, nijue moja."

"Basi lala na mlango wazi. Ukiamka utanikuta nimeketi juu yako."

Midomo yake ilicheza kidogo. Alitazama wembe, akaufuta chaki kwa kidole, akaenda kuuweka jikoni kwenye droo ya vijiko.

Nilifika mapema, nikamkuta ameshavaa kila kitu kinachovalika na mikono yake mwenyewe, ameketi ukingoni mwa kitanda na mgongo umeelekea mlangoni. Hakugeuka niliposalimia. Nilipiga magoti nyuma yake nikaanza mkanda wa chini.

"Unanifunga au unaninyonga?"

"Huu ni kwa ajili ya mdogo wako," nilisema nikivuta.

"Basi kaza," alisema, na alipocheka deraya yote ikalia.

Ukumbini walikuwa watoto watupu, maana yake watu wa miaka ishirini, wenye nywele za bluu na panga za maboksi, wakirekebishana kwenye kioo cha choo. Tulipoingia walitupisha. Mmoja naye alikuwa amevaa vazi la Mlinzi, la kununua, lenye kitambaa chenye kung'aa na zipu kiunoni. Alimzunguka wifi mara mbili bila kugusa.

"Mama, umetengeneza mwenyewe?"

Wifi aliitikia kwa kichwa. Alikuwa ameshaingia kuwa Mlinzi. Hakusema tena mpaka tuliporudi nyumbani.

"Na unafungwaje? Mbele sioni kitu."

Wifi alinyoosha kucha yake ndefu, akanionyesha mimi.

Alitembea jukwaani kutoka upande mmoja hadi mwingine. Ni ukumbi wa kawaida, wenye viti vya plastiki na feni zinazolia, na jukwaa lenyewe halina hata pazia. Hakufanya madoido yoyote. Alifika katikati, akasimama, akawatazama wale watoto kama anayesikiliza shida ya kila mmoja, kelele zikapungua, kisha akaendelea na safari yake akashuka. Mlango wa kutokea ulikuwa wa milango miwili, yote wazi. Alipita kwa ubavu.

Nyumbani nilitaka kumfungua. Akasema nisubiri kidogo sebuleni. Aliingia chumba cha mama, akaurudisha mlango bila kuufunga. Nilisubiri nikidhani anajitazama kwenye kioo, halafu nikakumbuka kwamba chumba kile hakina kioo. Kwenye upenyo niliona bawa moja na kipande cha kitanda. Alikuwa amelala ubavu, upande wake ule wa zamani, uso umeelekea televisheni iliyozimwa.

Baada ya hapo nilikuwa mfungaji wake. Alivaa mara nyingine mbili, na mara ya pili dereva wa teksi alifunga buti kwa nguvu, akalivunja bega la kushoto la deraya. Wifi hakumlaumu. Alisema atalitengeneza upya, na alipokuwa akilitengeneza ndipo tumbo lilipoanza kumsumbua. Alilichukulia kama mgeni ambaye ataona mwenyewe kwamba hakuna chakula na kuondoka. Alipokubali kwenda hospitali waliona uvimbe, wakasema usingoje.

Siku ya upasuaji nilimfuata kwake nikakuta bado ana gundi vidoleni. Hospitalini muuguzi alilalamika juu ya kucha zake, akazisugua kwa pamba na dawa. Kisha akampa lile gauni la hospitali linalofungwa mgongoni kwa kamba, akasogea amfunge.

"Mwache wifi yangu," wifi alisema. "Ana uzoefu."

Nilimfunga. Alikuwa amekonda, kamba zilizunguka zikabaki. Muuguzi aliuliza mimi ni nani wa mgonjwa, ili aandike. Kabla sijajibu wifi alimwambia, "Andika wifi. Si umesikia?"

Walipomlaza kwenye kitanda cha magurudumu na kuanza kukisukuma, aliinua mkono wasimame. Nikasogea. Nilidhani atanipa ujumbe kwa mdogo wake.

"Bega la kushoto nimelibandika leo asubuhi," alisema. "Liko kitandani kwa mama. Sikuweka matofali. Ukitoka hapa pitia ukalishike."

Ilikuwa imeshapita saa sita mchana. Nilimwambia, "Wifi, tangu asubuhi? Si litakuwa limeshashika?"

"Bado," alisema.